Mlango wa Gari Tusiousikia: Kisa Kimoja Ndani ya City Lights

Mwishoni mwa 1928 Charlie Chaplin alianza kupiga filamu ya City Lights akiwa na tatizo ambalo mwandishi wa filamu za maneno angelimaliza kwa sentensi moja. Alikuwa na lofa asiye na pa kulala, na binti asiyeona anayeuza maua kando ya barabara. Alitaka binti amdhanie lofa kuwa tajiri. Masharti aliyojiwekea yalikuwa magumu. Lofa asidanganye, maana akidanganya tutamchukia. Binti asionekane mjinga, maana akiwa mjinga mapenzi yao hayatakuwa na uzito. Kosa litokee lenyewe, kwa dakika chache, na mtazamaji alielewe bila mtu yeyote kulieleza.

Jawabu alilolipata baada ya kuhangaika sana ni mlango wa gari. Nitakaa na mlango huo kuliko kitu kingine chochote katika filamu hii. Wengi huisifu City Lights kwa mwisho wake, na mwisho wake unastahili sifa, lakini bila mlango ule mwisho ungekuwa machozi ya bure.

Kukataa kuongea wakati kila mtu anaongea

Kwanza hali ilivyokuwa. The Jazz Singer, iliyotoka Oktoba 1927, iliwaonjesha watazamaji wa Marekani sauti ya mwigizaji, nao wakanogewa. Miaka mitatu baadaye studio za Hollywood zilikuwa zimeachana na filamu bubu karibu kabisa. Kumbi zilifungiwa vipaza sauti, wapiga muziki waliokuwa wakikaa chini ya skrini wakapoteza kazi, na waigizaji wakapelekwa kwa walimu wa matamshi.

Chaplin hakuwa na bosi wa kumsukuma. Studio ilikuwa yake, fedha zilikuwa zake, na kampuni ya kusambaza filamu, United Artists, aliianzisha mwenyewe mwaka 1919 pamoja na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith. Filamu ilimgharimu takriban dola milioni 1.5, na kama ingeanguka ingeangukia mfukoni mwake. Sababu yake ya kukataa maneno ilikuwa ya kisanii na ya kibiashara kwa pamoja. Lofa wake mwenye kofia ya duara, fimbo na viatu vilivyomzidi alikuwa akieleweka dunia nzima kwa sababu hakuwa na lugha. Siku atakapofungua mdomo na Kiingereza kikatoka, atakuwa Mwingereza, na watazamaji wa kwingine wote watakuwa wageni wake.

Lakini tusiseme kwamba aliikataa sauti. Alitunga muziki wa filamu mwenyewe, akisaidiwa na Arthur Johnston kuupanga, na ukarekodiwa ukiwa umeshonwa na picha. Wimbo wa binti muuza maua aliuchukua kwa José Padilla, mtunzi wa Kihispania wa wimbo La Violetera, bila kumtaja, Padilla akamshtaki na kushinda. Katika kipande cha mwanzo waheshimiwa wa jiji wanazindua sanamu ya Amani na Ustawi, na hotuba zao zinatoka kama mbwembwe za filimbi ya kitoto, kelele tupu bila neno hata moja. Hapo Chaplin anawacheka wanasiasa na filamu za kuongea kwa pigo moja. Baadaye, kwenye karamu, lofa anameza filimbi kwa bahati mbaya, na kila akipata kwikwi filimbi inalia tumboni, mwimbaji anavurugwa, teksi inasimama, mbwa wanakuja kundi zima. Kwa hiyo palipohitaji sauti, aliiweka. Maneno ndiyo aliyoyaacha nje, na aliyaacha kwa makusudi. Filamu imejiita yenyewe kwenye maandishi ya mwanzo kuwa ni mapenzi ya kuchekesha kwa ishara.

Barabarani

Sasa kipande chenyewe. Barabara imejaa magari. Lofa anataka kufika upande wa pili, na kwa kuwa gari la kifahari limesimama mbele yake anakata njia ya mkato: anafungua mlango wa upande huu, anapita ndani kama mwenye gari, anashuka upande wa pili na kuubamiza mlango nyuma yake. Binti ameketi pale karibu na kikapu chake cha maua. Anausikia mlango. Anageuza uso kidogo, ananyoosha ua.

Sisi hatukuusikia. Muziki unaendelea, mlango unajifunga kimya kama milango yote ya filamu bubu, na tunachokiona ni shingo ya binti ikigeuka. Kutokana na shingo hiyo tunaelewa mambo mengi kwa mpigo: kwamba anategemea masikio, kwamba masikio yake yanajua mlango wa gari la bei mbaya unavyofungwa, na kwamba kichwani mwake mteja ameshavaa suti. Lofa mwenyewe bado hajui lolote. Anajua tu kwamba ameuziwa ua na binti mzuri, naye ana sarafu moja.

Ua linaanguka. Lofa analiokota, lakini binti anaendelea kupapasa chini. Lofa anashangaa, karibu akereke, anamwonyesha: hili hapa. Binti anaendelea kupapasa. Ndipo lofa anapotambua. Chaplin hafanyi lolote kubwa hapo. Hashiki moyo, hafungui mdomo kwa mshangao. Analipitisha ua mbele ya macho ya binti, macho hayalifuati, na mwili wake wote unashuka kidogo, kama mtu aliyekuwa amesimama wima kwa ajili ya mabishano na sasa hana wa kubishana naye. Anampa sarafu yake. Binti anamchomekea ua kwenye tundu la kifungo cha koti.

Kisha kinakuja kipigo cha pili, na ndicho kinachomtofautisha fundi na mtu anayejua kuchekesha tu. Binti akiwa anatafuta chenji, mwenye gari halisi anafika, anaingia, anafunga mlango, gari linaondoka. Binti anasikia tena. Sasa ana ushahidi wa mlango mara mbili, wa kushuka na wa kupanda: bwana amekwenda zake bila kuchukua chenji yake. Moyo mkubwa ulioje. Lofa yupo hapo hapo mbele yake. Akikohoa tu, tajiri wa binti atakufa. Hakohoi. Anarudi nyuma kwa ncha za vidole vya miguu, anaketi pembeni kumtazama, na binti anaposuuza chombo chake cha maua anamwaga maji na kumlowesha lofa uso mzima. Lofa anavumilia bila kutoa sauti.

Kwa hiyo lofa hakudanganya. Alinyamaza. Tofauti ni ndogo na baadhi ya watazamaji hawaikubali. Wanasema ukimya wa mtu aliyeshaelewa ni uongo kamili. Nakubali kwamba baadaye, anaporudi kwa binti na fedha za mtu mwingine, anakuwa amevuka mstari. Lakini siku ile ya kwanza sioni kosa lake. Alitoa sarafu yake ya mwisho, na angemwita binti amwambie "mimi si yule" angemnyang'anya kitu ambacho amekipata kwa furaha. Chaplin aliujua huo mzani, ndiyo maana akahakikisha kosa linaanzishwa na gari na si na mtu.

Watu wa takwimu za sinema hutaja kwamba kipande hiki kilirudiwa kupigwa mara 342. Iwe ni idadi kamili au la, kazi ilichukua muda wa kuudhi, kwa kuacha na kurudia, kati ya 1928 na 1930. Zipo picha ambazo rafiki yake, mchoraji Ralph Barton, alizipiga pembeni mwa seti, na zinamwonyesha Chaplin akimfundisha mwigizaji wake namna ya kulishika ua, namna ya kunyoosha mkono, anatoka mbele ya kamera, anarudi, anaonyesha tena, anakasirika. Mwigizaji huyo ni Virginia Cherrill, kijana wa miaka ishirini hivi ambaye hakuwa na uzoefu wa kuigiza. Chaplin alimwona kwenye pambano la ngumi. Cherrill alikuwa na uoni hafifu wa mbali, na kwa sababu hiyo aliweza kutazama bila kutazama, pasipo kugeuza mboni juu kama waigizaji wengi wafanyavyo wakiigiza upofu. Hawakupatana. Mwaka 1929 Chaplin alimfukuza, akamjaribu Georgia Hale, nyota wa The Gold Rush, kisha akaona gharama ya kuanza upya haibebeki akamrudisha Cherrill. Naye alirudi kwa sharti la mshahara mara mbili. Alifanya vizuri.

Huwa inasemwa kwamba marudio yale yote yalitokana na Cherrill kutojua kazi. Mimi naona sehemu kubwa ilitokana na Chaplin kutokuwa na mlango. Alikuwa na binti, ua na lofa, hana kiungo. Ukiwa na mwigizaji bora duniani na huna kinachomfanya aamini uongo, utarudia mpaka filamu iishe kwenye kamera.

Lofa ana sauti gani?

Hebu tuifanyie filamu hii jaribio: tuiwekee maneno. Mlango unafungwa kwa kishindo tunachokisikia. Binti anasema, "Ua, bwana?" Lofa anajibu. Kwa sauti gani?

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Binti huyu tumeshaonyeshwa kwamba masikio yake yanalitambua gari kwa mlango. Mtu wa masikio hayo ataitambua sauti ya mtu aliyelala nje jana, ataitambua lafudhi ya mitaa ya chini, atasikia jinsi asivyozoea kuitwa bwana. Sentensi moja inatosha. Ili hadithi iendelee, mwongozaji angelazimika kuchagua: ama lofa aigize sauti ya kitajiri, na papo hapo anakuwa tapeli, ama binti asitambue, na papo hapo anakuwa mzito wa akili. Kila njia inaua kitu. Ukimya unawaokoa wote wawili kwa pamoja. Tunaona midomo ya lofa ikicheza, tunajua anamwambia kitu, vibao vichache vya maandishi vinatupa tunachohitaji, na suala la sauti yake halitujii kabisa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema City Lights ni filamu nzuri *ingawa* haina maneno, au kwamba Chaplin alikuwa mkaidi aliyebahatika. Hadithi hii haiwezekani ndani ya filamu ya kuongea. Aliichagua hadithi ambayo ukimya ni sehemu ya mtambo wake, kisha akaujenga mtambo huo juu ya sauti ya mlango ambayo mtazamaji haisikii. Binti hana macho, mtazamaji hana masikio, na kila mmoja anakijua ambacho mwenzake hakijui.

Watazamaji wa kwetu wana kipaji cha siku nyingi cha kuangalia filamu namna hii. Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa Unguja na Dar es Salaam na watu waliojaza kumbi bila kujua Kihindi, wakafuata hadithi kwa nyuso, kwa mwendo na kwa nyimbo. Na huyo Raj Kapoor, kwa suruali fupi na mwendo wa mtu anayeikwepa dunia, alimchukua lofa wake kwa Chaplin waziwazi. Waliompenda lofa huyo wa Raj Kapoor walikuwa wameshamjua Chaplin nusu. Baadaye tulipata vibanda vya video na wale mafundi wa kutafsiri, Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, wanaoijaza filamu ya kigeni maneno mpaka inakuwa yetu. Nawapenda. Lakini nikifikiria mmoja wao akipewa kipande cha barabarani, nashindwa kuona atasema nini. Akisema "binti kadhani ni tajiri," ameua. Akinyamaza, ndipo atakuwa ametafsiri.

Katikati, kwa haraka

Katikati ya filamu kuna mambo mengi na si yote yanahitaji kupimwa. Lofa anamwokoa tajiri mmoja aliyelewa anayetaka kujizamisha mtoni. Tajiri (Harry Myers) akilewa humkumbatia, humpa gari na fedha na kumlaza kitandani kwake. Pombe ikimtoka hamjui na humfukuzisha. Mzaha huo unarudiwa mara nyingi, labda moja zaidi ya ilivyofaa. Lakini upo kwa sababu. Mwenye macho anamsahau lofa kila asubuhi. Asiyeona anamkumbuka, ila kwa sura isiyo yake.

Kwa gari la tajiri na fedha zake, lofa ananunua kikapu kizima cha maua na kumpeleka binti kwao, anakoishi na bibi yake. Tajiri akimkana, anafagia barabara ili apate cha kuwapelekea. Kuna barua ya kodi ya nyumba, dola 22, ambayo bibi aliificha binti asijue, na lofa anaikuta na kuisoma kwa sauti. Kuna habari ya gazeti juu ya daktari wa Vienna anayetibu upofu. Kipande ninachokipenda kati ya hivi vyote ni kidogo mno: binti anamwomba lofa amshikie uzi wa sufu ili auzungushe kuwa donge, na kwa bahati mbaya anaushika uzi wa fulana ya lofa. Anavuta, anazungusha. Lofa anaona fulana yake inafumuka mwilini na hasemi neno. Anajinyonganyonga kuusaidia uzi utoke vizuri. Tumecheka, na tumeonyeshwa mtu anayetoa mpaka nguo ya ndani bila kushukuriwa, kwa kuwa mpokeaji hajui anapokea.

Pambano la ngumi, ambalo lofa analiingia kutafuta kodi, ni kazi ya kupanga miguu ya hali ya juu. Lofa anajificha nyuma ya refa mpaka watatu wale wanakuwa kama wanacheza ngoma. Ila kwenye chumba cha kubadilishia nguo kuna bondia mweusi anayejisugua na mguu wa sungura kutafuta bahati, kisha anarudishwa amezirai. Ni mzaha wa Marekani ya zama zile juu ya mtu mweusi na ushirikina, na hauchekeshi. Siutaji kwa ajili ya kuifuta filamu. Nautaja kwa sababu mwandishi yeyote anayemsifu Chaplin kuwa aliwaelewa wanyonge wote angepaswa kuutazama tena.

Hatimaye tajiri, akiwa amelewa, anampa dola 1,000. Wezi wanaingia nyumbani siku hiyohiyo, tajiri anapigwa kichwani, akizinduka hakumbuki chochote, na lofa anakimbia na fedha akionekana mwizi. Anazipeleka zote kwa binti: kodi, na matibabu ya macho. Anajibakizia noti moja, kisha naye anaitoa. Anamwambia anasafiri kwa muda. Nje polisi wanamkamata.

Nyuma ya kioo

Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 30 Januari 1931, katika ukumbi mpya uliokuwa ukifunguliwa usiku huohuo. Albert Einstein alikuwa mgeni wa Chaplin. Katikati ya onyesho uongozi wa ukumbi uliisimamisha filamu, ukawasha taa na kuanza kuwaeleza watazamaji uzuri wa jengo. Watu wakazomea mpaka filamu ikarudishwa. Chaplin aliandika baadaye kwamba kufikia mwisho alimwona Einstein akijifuta macho. London, tarehe 27 Februari, alikaa na mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Filamu bubu iliyotoka miaka mitatu baada ya filamu bubu kupitwa na wakati ilijaza kumbi na kurudisha fedha zake mara kadhaa.

Kilichomliza Einstein ni hiki. Miezi imepita, ni majira ya kupukutika majani. Binti amepona. Ana duka la maua lenye dirisha kubwa la kioo, yuko na bibi yake na msaidizi. Kila bwana aliyevaa vizuri akiingia, moyo wake unaruka: labda ndiye. Lofa ametoka jela, nguo zimechakaa kuliko zamani. Watoto wauza magazeti wanamchokoza. Anainama kuokota ua lililotupwa kwenye mfereji, mtoto anamvuta kitambaa kinachochungulia nyuma ya suruali, lofa anageuka kufukuza, anajaribu kujirudishia heshima. Binti anamwona haya yote kupitia kioo. Anacheka.

Angalia mahali alipo. Yuko nyuma ya kioo, anaona kila kitu na hasikii chochote. Anamtazama lofa mwenye suruali iliyotoboka akitembea kwa madaha mbele ya watoto, na anaona ni kichekesho. Yaani ameketi pale tulipoketi sisi. Chaplin amemfanya binti kuwa mtazamaji wa filamu bubu ya Charlie Chaplin, naye anacheka kama tulivyocheka saa nzima na zaidi. Mwanzo alikuwa na masikio bila macho. Sasa ana macho bila masikio. Na macho yanamwambia uongo mkubwa kuliko ule wa mlango: kwamba mtu huyu si mtu wake.

Lofa anageuka na kumwona. Anaganda. Ua bovu mkononi mwake linadondosha petali. Uso wake unafunguka kwa tabasamu la mtu aliyeona alichokuwa akikilipia, na binti, akiona anavyotazamwa, anamtania bibi yake kwamba amempata mchumba. Huo ni mmoja wa mizaha mikali zaidi ninayoijua kwenye filamu yoyote, maana ni kweli na anayeusema hajui.

Binti anatoka nje kumpa ua jipya na sarafu. Lofa anataka kukimbia. Hana jambo jingine la kufanya, siku zote amekuwa mtu wa kuondoka kimya kimya. Binti anamnyooshea ua, lofa analipokea kwa mbali. Kisha binti anamshika mkono ili amwekee sarafu kiganjani. Vidole vyake vinapita juu ya mkono ule, vinasimama, vinapita tena. Tabasamu la kutania linatoka usoni. Vidole vinapanda kwenye mkono wa koti. Ameutambua kwa kile alichokuwa nacho kabla ya macho.

Maneno ni machache, hayazidi hesabu ya vidole vya mikono miwili. Binti anauliza kama ni yeye. Lofa anaitikia kwa kichwa. Anamuuliza: sasa unaona? Binti anajibu: ndiyo, sasa naona. Picha inafifia kwenye uso wa lofa, nusu furaha, nusu hofu, na filamu imekwisha. Mhakiki wa filamu James Agee aliandika mwaka 1949 kwamba hakuna uigizaji ulioufikia ule katika historia ya sinema. Sibishi.

Ninachobisha ni namna mwisho huo unavyosimuliwa, hasa kwenye orodha za filamu za mapenzi za kuangalia na mpenzi. Taasisi ya Filamu ya Marekani iliipa City Lights nafasi ya kwanza mwaka 2008 kati ya filamu za mapenzi za kuchekesha, na wengi huielezea kana kwamba wawili hawa wameoana baada ya skrini kuzima. Hakuna kitu kama hicho kwenye picha. Mtazame binti, si lofa. Uso wake haung'ai. Unapita kwenye mshtuko, kisha kitu kama aibu ya kucheka kwake, kisha huruma, na pengine, mbali kidogo nyuma ya hayo, kuvunjika kwa yule bwana wa gari ambaye amemsubiri kila siku mlangoni mwa duka. Haachii mkono. Lakini hakumbatii pia.

Na kuna suala ambalo mtu wa kwetu hataliruka: fadhila. Macho yake yamenunuliwa na mtu huyu, na mtu huyu ameyalipia kwa jela. Binti anaweza kumlaza, kumlisha, kumvisha, kumpa kazi dukani, na watu wote watasema amefanya uungwana. Je, hayo ni mapenzi? Filamu ya kuongea ingelazimika kujibu, kwa sababu watu wawili wakishasimama na kutazamana hivyo, mtazamaji anasubiri mmoja aseme. Angesema "nakupenda" tungeshuku ni shukrani. Angesema "asante" lofa angekufa palepale kando ya barabara. Chaplin, ambaye hana maneno ya kutumia, anaacha mkono juu ya mkono na kuondoka.

Nimewahi kubishana na wenzangu juu ya hili na hatujafika popote. Wao wanashika tabasamu la lofa. Mimi nashika sentensi ya binti, ambayo haina furaha yoyote ndani yake ukiisoma kwenye kibao: ndiyo, sasa naona. Nikilazimishwa kuchagua, nasema binti hataolewa naye kwa moyo wake wote, na kwamba lofa analijua hilo tangu aliposhikwa mkono, na kwamba anatabasamu kwa sababu macho yale yanafanya kazi.